Siku Walionidai Walipopigiwa Makofi

Nichekeni kwanza, mmalize kabisa, ndipo nianze, maana mkinicheka katikati nitasahau nilipofika. Mimi ndiye yule fundi wa nguo wa Migori ambaye madeni yake yalisomwa kwa kipaza sauti mbele ya mgeni wa heshima, mbele ya kwaya, na mbele ya watoto wa shule waliovaa sare nilizozishona kwa mikono yangu mwenyewe. Najua wako wanaosimulia kisa hiki kana kwamba kilimpata mwanamke fulani wa Awendo. Hapana. Ni mimi, na tena nilicheza ngoma, lakini hiyo ya ngoma tutaifikia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya simu za mkononi, wakati habari ilikuwa inatembea kwa miguu na bado inafika nyumbani kabla yako. Mimi ni mzaliwa wa Kendu Bay, nikaolewa Migori, na kwa desturi yetu Wajaluo mwanamke huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo mji mzima uliniita Nyar Kendu, binti wa Kendu. Nilikuwa nashonea barazani kwa Bwana Salim, mfanyabiashara kutoka Lamu aliyekuwa akiuza vitambaa, na hata cherehani niliyokuwa nikikanyaga nilikuwa nimeichukua kwake kwa mkopo. Nilikuwa nimelipa zaidi ya nusu. Zilibaki elfu mbili na mia nne, na hizo zilikuwa zimebaki kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuziona kama sehemu ya cherehani yenyewe.

Mwezi wa nne bila malipo, Bwana Salim alitoka dukani akasimama kando yangu, mikono nyuma. Huyu mzee hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa akizungumza Kiswahili kile chao cha pwani, laini, kila neno limepigwa pasi.

"Fundi, maneno yako matamu nimeyasikia miezi minne na nimeshiba. Sasa nataka karatasi. Waandike wote wanaokudai, si mimi peke yangu. Nani, kiasi gani, na utamlipa vipi. Nikiona mpango, nitakungoja. Nisipoona mpango, mwisho wa mwezi cherehani inarudi ndani."

Akarudi dukani. Mguu wangu ulikaa juu ya pedali bila kukanyaga. Mnielewe: mume wangu, Baba Atieno, alikuwa mlinzi kwenye godauni la tumbaku kule Kehancha, na mshahara wake ulikuwa unakuja siku unayojisikia. Cherehani ile ndiyo ilikuwa unga, ndiyo ilikuwa mafuta ya taa, ndiyo ilikuwa karo ya Atieno. Ikirudi ndani, sisi tungerudi wapi?

Sasa niwaambie aibu nyingine ndogo, kabla ya ile kubwa. Mimi ni mtu wa kuchungulia. Kutoka pale barazani nilikuwa naweza kusoma daftari la madeni la Bwana Salim likiwa kichwa chini miguu juu, na ningeweza kukuambia nani katika mtaa mzima anadaiwa nini na tangu lini (mchungaji mmoja alikuwa na mita sita za kitambaa cha kijani ambazo mpaka leo sijaelewa alizifanyia nini). Lakini ya kwangu mwenyewe sikuwa nimeyahesabu hata siku moja. Kwa hiyo ule woga ulipopoa kidogo, kitu kingine kikaingia: hamu ya kujua. Kwani mimi nadaiwa ngapi hasa? Mimi ni mtu wa elfu ngapi?

Mchana ule mvua ilinyesha, wateja hawakuja, nikatafuta karatasi. Daftari pekee lililokuwepo lilikuwa la Atieno la hesabu, na mwalimu wake alikuwa anahesabu kurasa. Lakini mkobani mwangu kulikuwa na kadi mbili za harambee.

Zile kadi mnazikumbuka. Zahanati ya kijijini kwetu, nje kidogo ya mji, haikuwa na chumba cha kujifungulia, wanawake walikuwa wanazaa wakitenganishwa kwa pazia moja tu na watu wanaokohoa, kwa hiyo kukapangwa harambee, na mwenyekiti akanipa kadi mbili badala ya moja kwa sababu, alisema, "wewe uko mjini, unaona watu." Juu kulikuwa na jina la zahanati na tarehe, chini mistari imechorwa vizuri, safu nne: Nambari, Jina, Kiasi, Sahihi. Kadi ya kwanza nilikuwa nimeizungusha mtaani nikapata watu kumi na mmoja, jumla shilingi mia nne themanini na tano. Ya pili ilikuwa tupu kabisa na nilijua haitajaa.

Nikaitazama. Nambari, jina, kiasi. Yawa, si hiki ndicho Bwana Salim anachotaka? Tena imeshapigwa mistari! Nikachukua kalamu. Uamuzi wote ulikuwa huo tu, uamuzi mdogo wa mtu anayehifadhi karatasi ya mtoto, na kila nikiukumbuka nataka kurudi kwenye ile mvua nijinyang'anye ile kalamu.

Lakini nisiwadanganye, nilifurahia kuandika. Kila deni lilikuwa na hadithi na nilikuwa nimezisahau. Rose wa saluni, mia tano na hamsini: mia tatu nilikopa kwa ajili ya mchango wa matanga, na mia mbili na hamsini nilikopa siku iliyofuata kununua viatu vya kwendea matanga hayo hayo. Boke, mama Mkuria aliyekuwa akituletea maziwa, nilikuwa na hakika ananidai kama themanini hivi; nikahesabu chupa moja moja nikafika mia tatu na ishirini, na nikashangaa kweli, nikamtazama hata mtoto wangu wa pili nikijiuliza hayo maziwa yote yamekwenda wapi. Kulikuwa na wengine watano wadogo wadogo, jumla yao elfu moja na mia nne. Na kulikuwa na Min Ouma.

Min Ouma, yaani mama yake Ouma, alikuwa mjane aliyekuwa akichuuza samaki. Atieno aliposhikwa na malaria, mama huyu alifungua fundo la leso akanipa mia sita, na zile zilikuwa pesa zake za kununulia samaki wa kesho yake. Nikajaribu kukumbuka ilikuwa lini. Nikahesabu kwa meno ya mtoto, maana wakati ule huyu mdogo hakuwa na jino hata moja, nikapata mwaka mmoja na miezi miwili. Lilikuwa deni langu kongwe kuliko yote. Na hakuwahi kuniuliza. Kila asubuhi alikuwa anapita na karai kichwani, "Fundi, umeamkaje?" na kupita.

Ikabaki safu ya nne, ya Sahihi. Wanaonidai wangetia sahihi ya nini? Nikaona hapo ndipo pa kuandika mpango wenyewe. Kwa Bwana Salim nikaandika: "mkali, aanze yeye." Kwa Rose: "ana mdomo, alipwe kabla ya Krismasi." Kwa Boke: "kidogo kidogo, asikate maziwa." Na kwa Min Ouma nikaandika: "anaweza kungoja." Kalamu haikusita hata kidogo. Nikapiga jumla: elfu tano mia mbili na sabini. Nikaishika kadi mbali na macho nikaitazama, na ukweli ni kwamba nilijiona mtu wa maana.

Jumamosi asubuhi nikampelekea Bwana Salim karatasi yake. Nikamkuta anafunga duka, amevaa kanzu nyeupe na koti. Kumbe na yeye alikuwa amealikwa kwenye harambee, pamoja na wenye maduka wengine wa mjini.

"Njoo nayo huko huko," akaniambia. "Tukimaliza nitaiangalia. Panda gari."

Nikapanda pikapu yake. Mkobani mwangu kadi mbili, zimekunjwa sawa, zina kichwa kimoja cha habari, na bahasha ya shilingi mia nne themanini na tano.

Kama hujawahi kuhudhuria harambee zetu za wakati ule, nikueleze kidogo. Kila aliyepewa kadi aliileta mbele na pesa zake, na kadi ikasomwa kwa kipaza sauti, jina kwa jina. Ukisikia jina lako unasimama, unapigiwa makofi, unakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Na mara nyingine mtu alikuwa anaweza kukutolea kwa jina lako bila kukuambia, mume, shemeji, rafiki, kwa heshima tu, kwa hiyo ukisikia umetajwa husimami kuuliza maswali. Unasimama unapunga mkono.

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Mwalimu Ogutu, mtu ambaye hata akikusalimia barabarani unatazama nyuma kuona kama kuna mkutano. Mgeni wa heshima alikuwa ametoka Homa Bay, amekuja amechelewa kwa saa mbili nzima, kwa hiyo kila kitu kikawa cha haraka haraka. "Wenye kadi! Kadi mbele!" Kijakazi wa kamati akapita na kikapu (alikuwa mke wa mwenyekiti, asinisikie nikimwita kijakazi). Nikatia mkono mkobani, nikatoa kadi, nikaitazama juu: jina la zahanati, sawa, tarehe, sawa. Nikaiweka kikapuni pamoja na bahasha. Nilikagua, jamani. Nilikagua kichwa cha habari.

Mwalimu Ogutu akafika kwenye ya kwangu. "Sasa ni kadi ya mama yetu, fundi wetu, Nyar Kendu!" Makofi. "Nambari moja: Bwana Salim, elfu mbili na mia nne!"

Na mimi nikapiga makofi. Ndiyo. Nilimgeukia Bwana Salim nikawaza, loo, mzee huyu ana moyo, ametoa pesa nyingi hivi, na nilishangaa kidogo tu ni lini aliipata kadi yangu. Bwana Salim naye alishangaa, nikaona nyusi zimepanda, lakini watu walikuwa wanashangilia na mgeni wa heshima ameinuka kumpa mkono, kwa hiyo akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Rose wa saluni, mia tano na hamsini!" Rose akasimama akizungusha shingo kama mtu aliyekuwa anangoja. Nikawaza, Rose huyu huyu? Huyu anayehesabu vibanio vya nywele? Nikapiga makofi tena. "Boke wa maziwa, mia tatu na ishirini!"

Hapo mikono yangu ikabaki hewani. Mia tatu na ishirini. Nani duniani anatoa mchango wa mia tatu na ishirini? Mtu anatoa mia tatu, anamaliza. Ile ishirini imetoka wapi? Na mimi ile ishirini nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeihesabu mwenyewe, chupa kwa chupa. Nikafungua mkoba nikaona kadi nyingine imelala humo, na jina la kwanza juu yake ni la fundi wa baiskeli, shilingi ishirini.

Majina yaliendelea, wale wadogo wadogo, mmoja anasimama hapa, mwingine kule, wote wanatabasamu, na mimi nilibaki nimekodoa macho nikijiuliza mbona hakuna anayesema hapana. Kisha: "Min Ouma, mia sita!"

Alikuwa nje ya uzio, anauza samaki. Alitua karai chini, akafuta mikono kwenye leso, akaifunga leso vizuri, akaingia mpaka mahali anapoonekana. Akasimama wima. Kwaya ikampigia vigelegele, kwa sababu kila mtu alimjua na kila mtu alijua mia sita kwake ni nini. Alitabasamu mpaka nikaona meno ambayo katika mwaka mzima wa "umeamkaje" sikuwahi kuyaona.

"Jumla, elfu tano mia mbili na sabini!" Mwalimu Ogutu akanguruma. "Kadi ya Nyar Kendu ndiyo inaongoza! Nyar Kendu aje mbele tumwone!"

Kwaya ikaanza wimbo, mikono ikanisukuma, nikajikuta mbele nimepewa mkono na mgeni wa heshima, na wanawake wamenizunguka wanacheza. Nikacheza. Ungefanya nini? Nilicheza nikitafuta kwa macho njia ya kwenda Tanzania.

Na pengine ingepita, pengine ningemfuata mweka hazina nyuma ya hema nikamweleza polepole, kama si yule fundi wa baiskeli. Alisimama kwenye kiti kabisa.

"Mwalimu! Mimi nilimpa huyu mama ishirini bob kwa mkono wangu! Mbona mimi sijasomwa?"

"Na mimi thelathini!" sauti nyingine ikaitika.

Mweka hazina alikuwa Mzee Okelo, karani mstaafu, mtu wa kaptura ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Akaifungua bahasha yangu. Akahesabu. Akahesabu tena. Akaniita mezani, na kwa bahati yangu mbaya Mwalimu Ogutu alikuwa ameweka kile kipaza sauti pale pale mezani, mdomo wazi.

"Nyar Kendu," sauti ya Mzee Okelo ikatoka kwenye spika mbili zilizotundikwa juu ya mti, "hapa kuna mia nne themanini na tano. Hizo zingine ziko wapi?"

"Mzee, hiyo kadi siyo," nikanong'ona, na spika nazo zikanong'ona, siyo, siyo.

"Siyo vipi? Si mwandiko wako huu? Na hapa kwa sahihi umeandika nini? Mbona hawajatia sahihi?" Akavaa miwani. Nikanyoosha mkono kuichukua ile kadi, yeye akaiinua juu. "Bwana Salim... mkali, aanze yeye. Nini hii? Rose... ana mdomo..."

"Nani ana mdomo?" Rose akauliza kutoka safu ya tatu, na huo mdomo ulisikika bila kipaza sauti.

Mzee Okelo alikuwa amezoea kazi ya ofisi, akianza kusoma karatasi anaimaliza. Akasoma zote. Watu walianza kuelewa mmoja mmoja, nikaona kicheko kinatembea kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka wazee wanafuta macho, mpaka mgeni wa heshima ameinama anashika tumbo. Boke alikuwa anamwomba jirani yake amtafsirie, akatafsiriwa, akaanza kucheka upya wakati wengine wanamaliza.

"Min Ouma," akasoma Mzee Okelo mwisho kabisa. "Anaweza kungoja."

Watu walicheka na hapo pia. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa bado amesimama, kwa sababu alikuwa akifurahia kusimama, na lile tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo baada ya yeye kuondoka ndani yake. Kisha akakaa kwenye nyasi. Aibu yote niliyokuwa nimeipata mpaka dakika ile ilikuwa ya kuchekesha. Hii haikuwa ya kuchekesha, iliniuma.

Bwana Salim akaja mbele. Nikajua cherehani imekwenda. Akakichukua kipaza sauti kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

"Mimi," akasema, "nimepigiwa makofi. Nimepewa mkono na mgeni. Makofi nikishapigiwa siwezi kuyarudisha. Huyu mama ana elfu mbili na mia nne zangu. Basi nimezitoa. Asinilipe mimi, ailipe zahanati."

Vigelegele vikapasuka tena, na sasa mngewaona wengine! Rose angefanyaje? Aseme anataka zake, mbele ya mgeni, baada ya kuzungusha shingo vile? "Na zangu pia," akasema, akinitazama kwa jicho la "Jumatatu utanikoma." Boke akasema, "Za maziwa pia, lakini ya kesho ni taslimu." Wale watano wakainua mikono. Min Ouma alikuwa wa mwisho. Hakuja mbele. Alisema tu, "Na zangu ziwe hivyo hivyo," akainuka akarudi kwenye karai lake.

Mzee Okelo akanitolea kitabu cha risiti. "Hizi mia nne themanini na tano ni za ile kadi nyingine," akasema, hakuwa mtu wa kuchanganya mafungu. "Wewe unadaiwa elfu tano mia mbili na sabini. Tia sahihi. Nitakuwa napita kila Ijumaa."

Kwa hiyo nilikwenda na watu tisa wanaonidai, hesabuni wenyewe, nikarudi na mmoja. Ndani ya pikapu, tulipokaribia mji, Bwana Salim akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia.

"Fundi, mimi nilikuomba karatasi ya mpango. Wewe umeniletea mpango wenyewe."

"Na cherehani, Bwana Salim?"

"Itakaa. Nikiichukua utalipa kwa kitu gani, na mimi jina langu limeshasomwa?"

Hamu yangu ya kujua haikufa hata siku ile. Wiki nzima niliwauliza mmoja mmoja: kwa nini ulisimama, na ulijua hujatoa kitu? Rose (baada ya kunikomesha kweli) aliniambia alidhani mume wake amemtolea ili kuomba msamaha wa jambo fulani, na alikuwa ameshamsamehe pale pale kwenye kiti. Bwana Salim alidhani nimemtolea mimi kwa heshima, akawa anajilaumu kwa kunibana. Jumatatu nikaenda sokoni kwa Min Ouma. Nilikaa chini kando ya karai lake, nikang'oa nyasi kwanza, ndipo nikamwuliza.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "mimi jina langu halijawahi kusomwa mahali. Nilisikia limesomwa, nikasimama."

"Na zile mia sita?"

Akapanga samaki, mkubwa juu ya mdogo. "Wiki hii ndiyo nilitaka kukuuliza. Ouma anatakiwa kulipia mtihani. Lakini sasa nimetoa, nitasemaje?"

Mwaka na miezi miwili hakuuliza, na wiki aliyotaka kuuliza ndiyo nilimfunga mdomo mbele ya watu mia tatu. Nilimwambia zile alizotoa zimetolewa, na zile nilizokopa bado nadaiwa, ni vitu viwili. Akakataa. Nikamwambia sitainuka pale mpaka akubali, na wateja walikuwa wanaanza kutukwepa. Akakubali. Kwa hiyo kila Jumanne nilikuwa napeleka mia moja sokoni, nimeikunja ndani ya kipande cha kitambaa, Jumanne sita, na Ouma akafanya mtihani. Na kila Ijumaa Mzee Okelo alikuwa anakuja na kaptura yake, anaketi kwenye stuli ya wateja barazani, anafungua kitabu cha risiti polepole ili kila anayepita aone. Ilichukua miezi kumi. Ya mwisho nililipa kwa kushona mapazia ya kile chumba, kwa cherehani ile ile.

Chumba kilipokwisha wakaleta fundi wa rangi, akaandika ukutani majina ya waliotoa mia tatu kwenda juu. Bwana Salim yuko. Rose yuko, herufi zake zimetiwa kivuli (sijui aliongea nini na fundi wa rangi). Boke yuko. Mimi simo, kwa sababu kwenye vitabu vya kamati mimi sikutoa hata senti moja. Mimi nililipa tu.

Mtoto wangu wa tatu nilimzaa humo. Mkunga alinishangaa, kila uchungu ukija nakaza macho ukutani, midomo inatembea, akaniuliza nasali? Nikamwambia hapana, nawasoma walionidai.

Kesho yake Min Ouma alikuja kuniona, na samaki amefungwa kwenye gazeti. Hajui kusoma. Alisimama chini ya ule ukuta, mikono kiunoni, akatazama herufi zote kutoka juu mpaka chini.

"Jina langu ni lipi?"

Nikainuka na maumivu yangu, nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, akakipitisha taratibu mpaka mwisho, akafika kwenye ile namba.

"Na hapa kando wameandika nini? Kwamba bado naweza kungoja?"

Akacheka, yale meno yakatoka tena. Mimi nilicheka nikashika tumbo, halafu nikajikuta nalia, na mkunga akaniamuru nirudi kitandani.

Sasa nimesema. Madeni bado ninayo, msidhani nimekuwa malaika, na kila mwezi nayaandika, lakini nayaandika kwenye karatasi tupu isiyo na mstari hata mmoja, na haitoki nyumbani. Wakali hawamo juu tena. Hao watanikumbusha wenyewe. Nambari moja siku hizi ni yule anayenisalimia na kupita.